Maswali na Majibu: Ubongo Ukiwa Hakimu wa Mguso wa Bandia

Katika toleo lililopita tuligusia kwa aya moja habari ya watafiti wanaotumia ishara za umeme za ubongo kurekebisha hisia ya kugusa katika uhalisia pepe, yaani ile dunia ya kompyuta ambayo mtu huingia kwa kuvaa miwani maalumu. Wasomaji wametuandikia wakitaka maelezo zaidi, nasi tumetenga safu yote ya leo kwa ajili ya maswali yao.

Nilijaribu miwani hiyo kwenye maonyesho ya vyuo jijini Dar es Salaam. Niliona kikombe mbele yangu, nikanyoosha mkono, rimoti niliyoshika ikatetemeka, lakini sikuhisi hata kidogo kwamba nimegusa kikombe. Ubongo wangu unahusikaje hapa, na kuupima kutasaidia nini? (Mwanafunzi wa chuo, Morogoro)

Hukukosea kuhisi hivyo. Ngozi ya kiganja ina vipokezi vya aina nne kuu: vipo vinavyohisi mgandamizo unaodumu, vipo vinavyohisi ngozi inavyovutwa, vipo vinavyohisi mguso mwepesi na utelezi wa kitu kinachotaka kuponyoka, na vipo vilivyojificha ndani zaidi, vinavyoitwa vya Pacini, ambavyo husisimkia zaidi mtetemo wa kasi, hasa ule wa karibu mara 250 kwa sekunde. Kikombe halisi huamsha karibu jamii yote hiyo, kisha huongeza ubaridi wake, uzito wake na ule ukinzani unaozuia vidole visipenye. Mota ndogo iliyomo ndani ya rimoti hutetemeka tu, na kwa hiyo huzungumza zaidi na kundi moja.

Hata hivyo upungufu wa ngozi ni nusu tu ya habari. Ubongo hausubiri taarifa za mkono kama karani anayesubiri barua; huwahi kutabiri. Ukiinua dumu la lita 20 ukidhani limejaa maji, kumbe ni tupu, mkono hupaa juu kwa nguvu isiyohitajika, kwa sababu misuli ilikwisha kupewa amri kulingana na uzito uliotabiriwa. Vivyo hivyo, unaponyoosha mkono kuelekea kikombe, ubongo huwa umekwisha kukadiria ni lini kidole kitakutana na ukingo wake. Mtetemo ukija mapema mno au ukichelewa, utabiri na taarifa hugongana, na mgongano huo huacha alama katika umeme wa ubongo hata kabla mwenyewe hajapata neno la kuueleza.

Alama hiyo ndiyo iliyowavutia Lukas Gehrke na Klaus Gramann wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, pamoja na wenzao, akiwemo Pedro Lopes wa Chuo Kikuu cha Chicago. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2019, washiriki walivaa miwani ya uhalisia pepe pamoja na kofia yenye elektrodi za kupima umeme wa ubongo, kisha wakanyoosha mkono kugusa vitu vilivyoonekana mbele yao. Kulikuwa na hali tatu: katika ya kwanza mkono haukuhisi chochote, katika ya pili kidole kilipata mtetemo, na katika ya tatu mtetemo uliongezewa mkondo mdogo wa umeme uliochochea misuli ya mkono, ili mtu ahisi kama kuna kitu kinachomzuia. Katika robo ya majaribio, kwa makusudi, mrejesho, yaani ishara ya kwamba mkono umegusa kitu, ulitolewa mapema, kabla mkono haujafika kwenye kitu. Katika majaribio hayo yenye hitilafu, wimbi la ubongo lilishuka upande hasi, mapema sana baada ya mrejesho, kwa kina kikubwa kuliko lilivyoshuka pale mambo yalipokwenda sawa. Wataalamu huliita wimbi la kosa la utabiri.

Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, jibu la swali lako la pili ni kwamba kupima ubongo hakuongezi chochote kwenye mguso wenyewe, bali hutoa hukumu juu yake. Kifaa kinaweza kuambiwa, mguso baada ya mguso, ni upi uliopokelewa kama jambo la kawaida na ni upi uliomshtua mtumiaji. Jambo hili linasahaulika sana katika matangazo ya biashara, ambako mtu anaweza kudhani kofia ya elektrodi humtia mtu hisia kichwani. Haitii hisia yoyote, husikiliza tu.

Ninafundisha fizikia. Ninavyofahamu, umeme unaofika kwenye ngozi ya kichwa ni mdogo mno, na mtu anayetembeza mkono na kupepesa macho hutoa umeme mwingi kuliko huo. Watajuaje kwamba walichokiona ni cha ubongo? (Mwalimu, Mombasa)

Mwalimu, wasiwasi wako ni halali, na ndio uliowafanya wengi kwa miaka mingi wawaamuru washiriki wakae kimya kwenye kiti wakitazama nukta kwenye kioo cha kompyuta. Njia yenyewe ni kongwe: Hans Berger aliurekodi umeme wa ubongo wa binadamu kutoka nje ya kichwa mjini Jena, Ujerumani, mwaka 1924, akachapisha matokeo mwaka 1929. Tatizo la kelele lilikuwapo tangu siku hizo.

Wimbi tunalolizungumzia lina ukubwa wa mikrovolti chache tu, yaani sehemu chache za milioni za volti moja. Kupepesa jicho huweza kuleta mikrovolti mia na zaidi, shingo ikikazwa huleta kelele yake, na nyaya za ukutani huchangia hezi 50 zao. Silaha ya kwanza ya mtafiti ni wastani. Majaribio mengi ya aina moja hupangwa ili sekunde ya sifuri iwe ni ile ya mguso, kisha hujumlishwa na kugawanywa. Kelele isiyofungamana na mguso hupanda mara hii na kushuka mara ile, kwa hiyo hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi ya majaribio; ukiwa na majaribio 100, kelele hubaki sehemu moja ya kumi, huku wimbi lenyewe likibaki palepale. Silaha ya pili ni hesabu zinazotenganisha vyanzo: elektrodi nyingi husikia mchanganyiko uleule kwa viwango tofauti, na kutokana na tofauti hizo programu hukisia kipi kimetoka machoni, kipi misulini na kipi katika ubongo, kisha hukitupa kisichotakiwa.

Kuna ugumu mmoja ambao ningependa wanafunzi wako waujadili, kwa kuwa hauondoki kwa hesabu. Hitilafu zilitokea katika robo tu ya majaribio. Ubongo hushtukia kitu adimu hata kama hakina kosa lolote, kwa hiyo mtu anaweza kuuliza ni kiasi gani cha wimbi lile kilitokana na ubaya wa mguso na ni kiasi gani kilitokana na uchache wake. Kwa maoni yangu swali hili ni zito kuliko lile la kupepesa macho, kwa sababu mfumo unaokusudia kumhudumia mtu saa nzima utakutana na hitilafu inayojirudia, na hitilafu inayojirudia huzoeleka. Mtu akiizoea, wimbi litanyamaza ilhali mguso bado ni mbovu.

Vilevile wastani haumsaidii mtengenezaji anayetaka kurekebisha kifaa papo hapo, maana hawezi kusubiri miguso 100 ndipo afahamu kwamba wa kwanza ulikuwa na kasoro. Hapo ndipo zinapoingia programu zinazojifunza, ambazo hulishwa mifano ya miguso mizuri na mibaya ya mtu fulani hadi ziweze kukisia kutokana na mguso mmoja. Hukisia vyema kuliko kubahatisha, lakini hukosea pia.

Kwa nini tusumbuke na kofia na nyaya? Si wamuulize tu mtumiaji kama amehisi vizuri? (Fundi simu, Bukavu)

Fundi, ndivyo ilivyofanyika siku zote, na bado ndivyo inavyofanyika kwa sehemu kubwa. Mtu huvua miwani, hupewa dodoso, naye hujibu kwa kuchagua namba kati ya moja na saba. Udhaifu wake ni kwamba anajibu juu ya kumbukumbu ya dakika kumi zilizopita, kwa ujumla, ilhali kosa lilikuwa katika mguso wa tatu na wa tisa. Ukimkatiza ndani ya mchezo kila baada ya mguso, umemvunjia ule uhalisia uliokuwa ukiujenga.

Isitoshe, watu hawajui wanachokilalamikia. Mwaka 2018 jarida la Science Robotics lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kuongeza ubora wa hisia za kugusa kunaweza kumpunguzia mtumiaji kuridhika badala ya kumwongezea, endapo macho hayaoni kitu kinacholingana na kile mikono inachohisi. Mtu wa namna hiyo husema tu kwamba kuna kitu hakikai sawa. Hawezi kusema ni macho au ni mikono.

Lakini nisikufiche: mtumiaji anayeulizwa hajashindwa. Mwaka 2025 kundi la Berlin lilitoa taarifa ya mfumo uliojaribu aina mbalimbali za mrejesho na kujifunza upi unamfaa mtu husika, mara moja kwa kufuata alama alizozitoa mwenyewe, mara nyingine kwa kufuata ishara za ubongo wake. Njia hizo mbili zilifikia matokeo yanayokaribiana. Wapenzi wa teknolojia waliliona hilo kuwa ushindi wa ubongo, kwa kuwa mtu hakuhitaji kusema neno. Mimi naliona pia kuwa onyo la gharama: pale ambapo kuuliza hakuharibu kazi, kuuliza kunatosha. Kofia inastahili pale ambapo mikono na akili ya mtu vimeshughulika kiasi kwamba swali litamvuruga, mfano daktari anayejifunza upasuaji ndani ya uhalisia pepe.

Mimi ni msusi. Niliona picha ya hiyo kofia ya elektrodi nikajiuliza: mtu mwenye nywele nzito zilizosokotana, au aliyesuka, atapimwaje? Au sisi hatumo? (Dada msusi, Kigoma)

Dada, umegusa kidonda ambacho wanasayansi walikifumbia macho kwa miongo mingi. Elektrodi inahitaji kukutana na ngozi ya kichwa. Mpimaji hupenyeza jeli katika kila tundu la kofia kwa bomba la sindano lisilo na ncha kali, huku akitenganisha nywele, mpaka ukinzani wa umeme ushuke. Nywele nzito za kipilipili huisukuma kofia juu, elektrodi huelea, jeli huishia kwenye nywele, na rekodi hujaa kelele. Matokeo yake ni kwamba watu wenye nywele za namna hiyo wamekuwa wakiachwa nje ya tafiti, au rekodi zao kutupwa baadaye kwa kisingizio cha ubora hafifu.

Suluhisho mojawapo limetoka katika ufundi wako. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, jijini Pittsburgh, Marekani, Arnelle Etienne, aliyekuwa mwanafunzi hapo, pamoja na Profesa Pulkit Grover na wenzao walibuni elektrodi walizoziita Sevo na kuzitangaza mwaka 2020. Nywele husukwa kwanza mistari iliyolala kichwani, kwa jicho lako ni jirani kabisa na twende kilioni, ila njia za kati ya mistari hupangwa zipite hasa mahali ambapo vipimo vya kimataifa vinataka elektrodi iwepo. Kisha kibanio chenye mabawa huchomekwa chini ya mistari miwili iliyo jirani, na kubana kwa nywele zenyewe ndiko kunakoikandamiza elektrodi kwenye ngozi. Ukinzani wa umeme ulishuka sana ukilinganishwa na kofia ya kawaida.

Hili si suala la heshima pekee. Programu inayojifunza kuutambua mguso mbaya kutokana na vichwa vya aina moja tu itawahudumia vizuri wenye vichwa vya aina hiyo, na wengine watapewa vifaa vilivyorekebishwa kwa kufuata ubongo wa jirani.

Kama miwani ya gemu itajua nimeshtuka kabla sijasema, kampuni iliyoiuza haitajua na mengine? Je, inaweza kusoma mawazo ya mwanangu? (Mzazi na wakili, Nairobi)

Mawazo kwa maana ya sentensi, hapana. Wimbi la kosa la utabiri linasema tu kwamba jambo fulani halikutarajiwa. Halisemi jambo hilo ni nini. Lakini wewe ni wakili, na unajua kwamba ndiyo na hapana nyingi zikipangwa kwa ustadi huweza kujenga shauri zima. Mwaka 2012 watafiti wa usalama wa kompyuta walionyesha kwamba kwa kumwonyesha mtu picha au tarakimu mbalimbali huku amevaa kifaa cha bei nafuu cha kupima ubongo, iliwezekana kupunguza wigo wa kubahatisha taarifa zake za siri, kama vile tarakimu ya namba ya siri au benki anayoitumia. Mwaka 2016 Thorsten Zander, Gramann na wenzao walionyesha jambo lililo karibu zaidi na mada yetu: watu walitazama kishale kikihama kwenye kioo, ubongo wao ukakihukumu kila kilipohama, na kompyuta ikazitumia hukumu hizo kukielekeza kwenye shabaha, bila watazamaji kufahamu kwamba wao ndio waliokuwa wakikiongoza. Hapo ndipo ninapoona hatari: si kusomwa, bali kushirikishwa bila kujua.

Kisheria, Chile ilirekebisha katiba yake mwaka 2021 ili kulinda shughuli za ubongo na taarifa zitokanazo nazo, na mwaka 2023 mahakama yake ya juu iliiamuru kampuni moja ya vifaa hivyo ifute data za ubongo za mlalamikaji. Kwetu, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ushauri wangu kwa mzazi ni mfupi: uliza kama ishara huchakatwa ndani ya kifaa chenyewe au hutumwa nje. Rekebisho la mtetemo halihitaji rekodi ghafi ya ubongo kuvuka bahari.

Kaka yangu alipooza mikono baada ya ajali. Je, teknolojia hii inaweza kumrudishia hisia ya kugusa? (Msomaji, Muscat)

Pole sana kwa yaliyomfika kaka yako. Kofia ya elektrodi haiwezi, kwa sababu iliyoelezwa juu: husikiliza tu. Iko njia nyingine, ya kuupelekea ubongo umeme kwa elektrodi zilizopandikizwa kwa upasuaji, nayo ingali katika majaribio. Nathan Copeland, Mmarekani aliyepooza kwa ajali ya gari mwaka 2004, alipandikizwa elektrodi katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, baadhi zikiwa katika sehemu ya ubongo inayopokea hisia za mkono. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba vidole vya mkono wa roboti vilipoguswa, alihisi kama mkono wake mwenyewe umeguswa. Mwaka 2021 watafiti walionyesha kwamba akiwa na hisia hiyo, muda wa kushika na kuhamisha kitu kwa mkono wa roboti ulishuka kutoka sekunde 20.9 za kawaida hadi sekunde 10.2. Ni matumaini ya kweli, lakini ni ya watu wachache mno walio chini ya uangalizi wa watafiti. Atakayewauzia teknolojia hiyo nje ya mpango wa namna hiyo anawadanganya.

Tunatengeneza programu ya uhalisia pepe ya kufundishia wakunga. Hatuna fedha za kofia ya elektrodi. Tufanyeje ili mguso wetu usiwe wa kuchekesha? (Kijana mtayarishaji programu, Kigali)

Angalieni hitilafu iliyotumika katika jaribio la Berlin: mtetemo haukuwa dhaifu wala mkali kupita kiasi, ulikuja tu kabla ya wakati wake. Kila kitu katika programu yenu kina umbo linaloonekana na umbo jingine lisiloonekana, ambalo kompyuta hulitumia kuamua kwamba mkono umegonga. Mara nyingi hili la pili huwekwa likiwa kubwa kuliko la kwanza ili kurahisisha hesabu, na hapo mkono wa mkunga mwanafunzi utahisi kichwa cha mtoto kabla haujakifikia. Libaneni lifuate umbo la macho.

Halafu pimeni ucheleweshaji. Sarah-Jayne Blakemore na wenzake, huko London, walionyesha mwaka 1999 kwamba mtu akijisugua kiganja kwa kutumia roboti anayoiongoza mwenyewe, msuguo humtekenya zaidi kadiri roboti inavyocheleweshwa kwa milisekunde 100, 200 hadi 300. Maana yake, kadiri inavyochelewa ndivyo ubongo unavyouona mguso huo kuwa wa mtu mwingine. Mkunga wenu anapaswa kuhisi kwamba mkono ni wake. Simu yenye kamera ya kurekodi kwa picha 240 kwa sekunde itawaonyesha pengo kati ya mkono kufika na mota kuanza, kwa kukosea milisekunde chache tu, mkiweka taa ndogo inayowaka pamoja na mota. Fanyeni hilo kabla ya kununua glovu za mtetemo, na baada ya kuzinunua lifanyeni tena, kwa kuwa glovu zisizotumia waya huongeza ucheleweshaji wao.